Mwezi wa Ukutani

Watu wa Temeke walionijua enzi hizo husema nilifeli mtihani wa kwenda chuo. Uongo mtupu, wallahi. Siku ya mtihani jina langu halikuwamo kwenye orodha, na mtu hafeli mtihani ambao hakuitwa. Lakini miaka yote hii nimewaacha waseme, maana habari yenyewe ilivyokuwa ni mbaya kuliko kufeli, na aliyeumia si mie peke yangu.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Temeke ilikuwa nusu mji nusu shamba: nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, mikorosho, na bomba moja la maji ambalo wanawake wa mitaa mitatu tulilipigania kwa madebe na matusi. Mume wangu alikuwa kuli wa bandarini. Tuliishi kwa mama yake, chumba cha nyuma, miaka mitatu bila mtoto. Mama mkwe hakuwahi kunitukana kwa jambo hilo. Aliuliza tu, kila akija jirani mwenye mimba, kama na mie nimekula, maana tumbo langu haliji juu.

Karibu na soko serikali ilijenga kituo, ukumbi mmoja wa bati, na alasiri sie wanawake tulifundishwa humo kusoma, kuandika, hesabu na kushona. Kengele yake ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mkorosho. Ikilia saa tisa, utawaona wanawake wazima, wengine na wajukuu, wanatoka majumbani na madaftari yamefichwa ndani ya kanga kama wanaiba. Mwalimu wetu alikuwa binti wa bara, Mkristo, mpole, aliyesema "zambi" kila alipotaka kusema dhambi, na darasa zima likacheka. Naye alicheka. Ndiyo maana tulimpenda.

Mume wangu alinipa ruhusa kwa mzaha. "Nenda," alisema, "utanisomea gazeti, mie nitalala." Basi nikaenda, na sitajifanya mnyenyekevu hapa: kwa mwaka mmoja hakuna mwanamke aliyenishinda darasani. Niliposhika kusoma, nilisoma kila kitu, makopo ya mafuta, magunia, mabango ya barabarani. Zaidi ya yote niliipenda kalenda. Mwalimu alitufundisha Januari mpaka Desemba kwa kuimba, akatuonyesha vidoleni miezi yenye siku thelathini na yenye thelathini na moja. Mhindi wa dukani akanipa kalenda yake ya bure, nikaitundika chumbani, na kila asubuhi nikamtangazia mama mkwe tarehe.

"Leo tarehe kumi na nne, mama."

"Na jana ilikuwa nini, tarehe ya mchuzi?" angejibu, akaendelea kukuna nazi.

Katikati ya mwaka wa pili Bibi Mzungu aliyekuwa mkuu wa kituo alikuja na habari. Kulikuwa na chuo huko bara, mwaka mmoja, malazi na chakula juu ya serikali. Mwanamke atakayechaguliwa atafundishwa kufundisha wanawake wenzake, kisha atapewa kazi na nyumba. Mtihani ungefanywa Desemba, na kila kituo kingepeleka mtu mmoja tu. Mwalimu hakuzunguka mbuyu, akaandika jina langu palepale. Nilipomwambia mume wangu alisema "tutaona," na kwa yule bwana "tutaona" ilikuwa karibu sawa na ndiyo.

Hakuona. Jumamosi ya tarehe tatu Agosti alikufa kwa homa ya siku nne. Sitaki kuandika mengi juu ya hizo siku nne. Alikuwa mtu mwema kwangu na nilimlilia mpaka sauti ikakauka.

Baada ya mazishi nikawekwa eda. Wenye kujua wanajua, na kwa asiyejua nasema kwa kifupi: mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki. Havai cha rangi, hapaki wanja, hajifukizi udi, wala hazungumzi na mwanamume ambaye angeweza kumwoa. Nilivishwa bafta jeupe nikakalishwa kwenye mkeka chumbani kwangu, dirisha dogo kama la banda la kuku, kuta zinatoa joto mchana kutwa. Sikatai eda, ni dini yangu na ni haki ya marehemu. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na kila saa tisa alasiri nilisikia kile kipande cha reli kikigongwa. Niliuma bafta nisipige kelele.

Na kulikuwa na jambo jingine lililonitesa zaidi ya joto. Siku ya saba baada ya msiba nilimsikia mama mkwe uani akiwaambia dada zake: "Mke wa marehemu hatoki ndani ya ukoo. Mdogo wake yupo." Huyo mdogo wake, shemeji yangu, alikuwa na mke Tandika na mkono mwepesi. Mke wake nilimwona mara mbili na uso umevimba. Kurudi kwetu Kimbiji hakukuwezekana, kwani baba alikwisha kufa na mjomba aliyenioza angenirudisha na mzigo wangu siku ya pili. Nilipiga hesabu kila upande, nikaona mlango mmoja tu. Chuo. Nikishinda ule mtihani, Bibi Mzungu angeniandikia barua, ningekuwa na pa kulala na kazi ya kufanya, na sheikh akiniuliza kama namkubali shemeji ningepata ulimi wa kusema hapana.

Kwa hiyo nilisoma ndani ya eda kama mwenye kichaa. Niliyemshukuru ni shoga yangu, mtalaka aliyekaa kwa kaka yake mtaa wa pili na kupika vitumbua. Kwa kaka yake alilala jikoni, na wifi yake alimtuma kama mtumishi. Darasani tulikaa benchi moja, na hesabu zilikuwa zinamtesa. Akiambiwa akope kumi kutoka kwa jirani kwenye kutoa, aliuliza kwa nini tusimwache jirani na vitu vyake. Yeye ndiye aliyekuja kila siku baada ya darasa, anaingia kwangu, anavua kanga ya juu, anakaa mkekani na kunifundisha yote waliyofundishwa. Wanawake waliruhusiwa kuniona, kwa hiyo mama mkwe hakuwa na neno.

"Leo tumefanya sehemu," angesema. "Nusu na robo. Subiri, nilikuwa nimeelewa nilipotoka, sasa imenikimbia mlangoni."

"Irudishe bwana, nina haraka!"

"Haraka ya kwenda wapi, wewe mfungwa?"

Tukacheka kimyakimya, maana kicheko cha mjane kikisikika uani ni balaa. Nilimkaripia sana yule mwanamke. Akikosea nilimwita kichwa cha nazi. Yeye hakukasirika, ila alianza kusikiliza darasani kwa masikio manne, mawili yake na mawili yangu, ili asije kwangu mikono mitupu. Mwalimu naye alikuja Jumamosi, akampa mama mkwe shikamoo ya heshima, akaingia kunisahihishia. Mama mkwe alimwogopa kidogo. "Huyo atakubatiza na bafta lako hilohilo," aliniambia.

Sasa nafika kwenye ujinga wangu.

Mwezi wa Novemba mwalimu aliniuliza eda yangu inakwisha lini. Mtihani umewekwa Jumatano, tarehe kumi na moja Desemba, na Bibi Mzungu anataka jina la kupeleka. Swali lilikuwa jepesi, lakini sikuweza kumwuliza mtu. Wiki ya kwanza kabisa mama mkwe alinikalisha akaniambia: "Mjane hahesabu siku zake. Huhesabiwa. Ukimwona mjane anauliza siku, jua ana bwana mlangoni." Ningeuliza, mtaa mzima ungejua kabla ya adhuhuri kwamba mie nina haraka ya mume. Ndiyo aibu tuliyolelewa nayo. Mficha uchi hazai, wamesema wahenga, lakini wahenga hawakukaa nyumba ile.

Nikamwambia mwalimu, si tabu, nitahesabu mwenyewe. Niliinuka nikaenda kwenye kalenda, na kwa kweli nilijisikia fahari. Agosti tatu mpaka Septemba tatu, mmoja. Oktoba tatu, miwili. Novemba tatu, mitatu. Desemba tatu, minne. Ongeza siku kumi. Kidole changu kikasimama juu ya Ijumaa, tarehe kumi na tatu.

Mwalimu alihesabu tena. Kumi na tatu. Mtihani kumi na moja.

"Siku mbili tu," alisema. "Siku mbili! Haiwezekani kumwomba mama akupe ruhusa nusu siku? Au tumwendee sheikh?"

"Ukienda kwa sheikh, mama atajua kabla hujarudi. Nao watasema mwalimu Mkristo amemtoa mjane edani."

Alikuwa mgeni kwenye dini yetu na aliogopa kukosea, na mie nilimwogopa mama mkwe, na wote wawili tuliiamini kalenda kama mtu anavyomwamini hakimu. Nililia. Kisha nikafanya jambo la kishujaa, au ndivyo nilivyoliona. Nilisema sitamfanya Bibi Mzungu apeleke jina la mtu asiyekuja, kituo chetu kikapoteza nafasi. Nitaandika barua ya kujitoa.

Ilikuwa barua yangu ya kwanza maishani. Niliandika kwamba nasikitika kumwarifu Bibi Mkuu kuwa sitaweza kufika kwenye mtihani, kwa sababu nipo katika eda ya marehemu mume wangu hata tarehe kumi na tatu Desemba, na naomba jina langu liondolewe, ni mimi mtiifu wako. Mwalimu aliisoma mara mbili. Alisema haina kosa hata moja. Alikuja kuniambia baadaye kwamba Bibi Mzungu aliusifu mwandiko wake.

Nafasi ile akapewa shoga yangu. Hapakuwa na mwingine aliyemkaribia, maana miezi mitatu ya kunibebea masomo ilikuwa imemnoa. Alipokuja kuniambia alishindwa kukaa. Alisimama mlangoni akisokota ncha ya kanga.

"Umekasirika?"

"Nikasirike nini? Pita ukae, tufanye sehemu."

Nilikuwa nimekasirika. Nilimfundisha kwa siku zilizobaki, naapa nilimfundisha kweli, lakini kila alipopata jibu sawa kuna kitu kilinichoma hapa kifuani.

Jumatatu, tarehe tisa, jua ndiyo kwanza linachomoza, nilisikia sauti za wanawake uani. Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe ameshika debe la maji, dada zake wawili nyuma na sabuni mpya, udi na doti ya kanga.

"Inuka, mwanangu," alisema mama mkwe. "Leo unatoka eda."

Nilidhani amechanganyikiwa. "Bado, mama! Bado siku nne!"

Walisimama wakanitazama. Nikaenda kwenye kalenda, mie na bafta langu, nikaanza kuwahesabia: Agosti, Septemba, Oktoba. Mama mkwe aliweka debe chini.

"Unahesabu nini hapo?"

"Miezi, mama. Miezi minne na siku kumi."

"Mwezi upi huo? Mwezi uko juu, mwanangu, si ukutani! Umeandama mara nne tangu tuzike, ukaongezwa siku kumi, jana zimetimia. Kwani mumeo alikuwa Mzungu, akakaliwe eda ya kalenda?"

Dada zake wakaangua kicheko, lakini mie niliketi chini. Lo! Mwezi wa mwandamo una siku ishirini na tisa au thelathini. Haujui thelathini na moja. Mtoto mdogo anayefunga Ramadhani anajua hilo, na mie nilikuwa nimefunga Ramadhani miaka yote kwa kuutafuta mwezi magharibi, sikutafuta kalenda hata siku moja. Mwezi wa Maulidi nilimsikia mama mkwe uani akisema mwezi umeandama. Masikio yalisikia. Akili ilikuwa imekwisha hamia ukutani. Nilijifunga mwenyewe siku nne zaidi kwa elimu yangu mpya, na hizo siku nne ndizo zilizobeba mtihani wangu.

Wakanikogesha, wakanifukiza, wakanifunga kanga mpya. Kanga yenyewe ilitoka kwa shemeji. Nilikuwa naweza kuyasoma maandishi yake sasa, nao hawakuweza: Subira Yavuta Heri. Huku akinisuka, mama mkwe aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumzia mboga, kwamba mjomba wangu amepelekewa habari Kimbiji, atafika Alhamisi, na Ijumaa baada ya sala ndoa itafungwa.

"Nimetoka ndani leo tu, mama."

"Ndiyo. Umetoka ndani vizuri, unaingia ndani vizuri."

Saa tisa niliomba kwenda kuwasalimu wenzangu kituoni, na kwa kuwa nilikuwa huru kwa sheria hakuweza kunizuia. Nilikwenda mbio. Miguu ilikuwa imesahau kutembea, na jua lilinipiga machoni mpaka nikaona weusi. Mwalimu aliponiona alidhani nimetoroka eda, akashika mdomo. Nilipomweleza habari ya miezi miwili, wa juu na wa ukutani, alikaa kwenye benchi la wanafunzi akafunika uso.

"Ni mimi niliyekufundisha kuhesabu hivyo," alisema.

"Si wewe. Ni ujuaji wangu. Lakini bado siku mbili! Nenda kwa Bibi, mwambie nipo."

"Kuna kiti kimoja, na kina jina la mwenzako." Alinishika mkono. "Nisikilize. Bibi alikasirika kubadilisha jina mara ya kwanza. Usiiguse tena ile orodha. Mwenzako akishinda, mwaka ujao tutakupeleka wewe. Nitakupigania, naahidi."

Mwaka ujao! Kwake mwaka ujao ulikuwa kitu. Mie nilikuwa na mpaka Ijumaa.

Hapa ndipo watu wangependa niseme nilimwachia shoga yangu. Ningependa nami. Usiku ule sikulala, na asubuhi ya Jumanne nikamfuata alipokuwa akipika vitumbua mbele ya nyumba ya kaka yake. Sikumpa hata salamu ya maana. Nilimwambia yote pale pale kwenye moshi: shemeji, Ijumaa, mjomba. Kisha nikamwambia kiti kile ni changu. Nilimwambia yeye alikuwa hajui hata kukopa kumi, na kila alichonacho kichwani amekipata mkekani kwangu. Nilimwambia atafeli, na tutapotea wote bure, bora aende aliye na uhakika.

Aligeuza kitumbua, kikamwunguza kidole, akageuza kingine.

"Unaniambia nifanyeje?" aliuliza mwisho.

"Mwambie Bibi unaumwa."

Alitazama ndani ya nyumba, kule jikoni anakolala. Alilitazama karai la mafuta. Mie nilijua anatazama nini, msidhani sikujua. Nikasimama tu nikasubiri.

"Haya," alisema. "Wewe una Ijumaa. Mie sina tarehe."

Tulikwenda pamoja. Bibi Mzungu alikuwa kituoni na gari lake dogo, anataka kuondoka. Shoga yangu akamwambia kwa Kiswahili cha polepole kwamba anaumwa tumbo, kesho hataweza. Mwalimu alisimama kando, uso umemshuka, akinitazama mie. Bibi alitoa karatasi kwenye mkoba, akaitandaza juu ya boneti la gari, akavuta mstari juu ya jina la shoga yangu. Kisha akakunja karatasi.

Nikasogea. "Bibi, mimi nipo. Eda yangu imekwisha. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza."

Alinitambua. Hakuwa mtu mbaya, nataka kusema kweli. Alifungua mkoba ule ule akatoa barua yangu.

"Hii umeandika wewe?"

"Ndiyo, Bibi."

"Umeandika mpaka tarehe kumi na tatu. Leo ni kumi."

Nikaanza kumweleza. Mwezi na mwezi. Mwalimu akaingia kunisaidia, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, mikono inaonyesha mbinguni. Bibi alisikiliza, lakini nilimwona anachoka. Alisema kituo hiki kimemtaabisha sana. Alisema wakubwa wake hawatapokea jina la tatu siku moja kabla ya mtihani, na la mtu aliyekwisha jitoa kwa mkono wake. Mwaka huu Temeke haitapeleka mtu. Akaingia garini.

Shoga yangu aligeuka haraka. "Bibi, nimepona! Tumbo limepoa!" Alilikimbilia gari hatua kumi hivi. Vumbi likatufunika sote.

Mtaka yote hukosa yote. Mama mkwe angelisema hivyo angelijua, lakini hakujua, na hakuna aliyenisema. Mwalimu hakunisema. Shoga yangu alifunga kanga yake vizuri akasema vitumbua vitaungua, akaenda.

Jumatano niliamka nikijua saa mbili watu wa vituo vingine wanaingia kwenye mtihani. Mie nilikuwa uani, nimetandikiwa mkeka, mbele yangu gunia la mchele wa Ijumaa wa kuchambuliwa. Kabla ya adhuhuri shoga yangu alifika. Sikumwita. Lakini kwetu mwanamke akiolewa wenzake huja kuchambua mchele, na yeye alikuwa mwenzangu, kwa hiyo alikuja. Alikaa upande wa pili wa mkeka na ungo wake.

Alasiri mwalimu akaingia, akampa mama mkwe shikamoo, akaja tulipokaa akapiga magoti. Alikuwa na bahasha ya kahawia. Karatasi za mtihani za kituo chetu zilikuwa zimeletwa wiki iliyopita, na sasa mtihani ulikuwa umekwisha kila mahali, hazikuwa siri tena.

"Nimedhani mtapenda kujua," alisema. "Mlisoma sana nyie."

Mama mkwe alitazama, akaona karatasi, akasema ni mambo ya shule, akaingia ndani kulala. Tukasukuma mchele kando. Mwalimu alikuwa na nakala moja ya maswali, akatusomea swali moja moja, na sie tukaandika kwenye madaftari, tumegeuziana migongo tusitazamiane. Nilijisikia vizuri, Mungu anisamehe. Kwa saa nzima nilisahau Ijumaa. Imla nilijua. Barua nilijua. Kwenye hesabu nilikimbia mbele kama kawaida yangu, nikamaliza kwanza, nikaweka penseli chini kwa sauti ili asikie.

Mwalimu alisahihisha palepale kwa penseli yake nyekundu, daftari juu ya goti. Alichukua muda. Alirudia langu. Kisha akatutazama mmoja mmoja, nikaona hataki kusema.

"Sema," nilimwambia.

Swali la sehemu nilikosea. Na la kutoa pia, lile la kukopa mara mbili. Nilikopa mara moja kwa haraka nikasahau ya pili. Katika hesabu kumi nilipata saba. Ingetosha au isingetosha, mwalimu hakujua.

Shoga yangu alipata zote kumi. Imla alikosa neno moja.

Mwalimu alimpa daftari lake. Alilishika kwa mikono miwili, akatazama alama nyekundu moja baada ya moja, akafungua ukurasa wa nyuma akatazama tena kama kuna kilichosahauliwa. Nilitaka aniapize, anipige hata kofi, ningempa shavu.

"Kumbe ningeshinda," alisema.

Hakuwa akiniambia mie. Alisema tu. Akalifunga daftari, akaliweka chini ya paja lake, akauvuta ungo karibu na kuendelea kuchambua mchele wa ndoa yangu.